Ku muze, mutoto anaona kazi ya baba yake

Mushahara umeingia, siku ya posho imefika, watoto wanauliza: leo tunaenda wapi? Mu miji yetu ya mukuba majibu hayako mengi. Kuko mupira, kuko kanisa, kuko kutembelea bajomba, kuko televizio. Ku Lubumbashi watoto wanaomba zoo, waone simba na nyani, na ile ni matembezi mazuri. Lakini kuko nyumba ingine yenye familia nyingi za watumishi wanapita mbele yake kila juma bila kuingia. Ni Muze ya Taifa ya Lubumbashi.

Watu wengi wanafikiri ni nyumba ya wageni wenye kubeba kamera, ao ya wanafunzi wenye mwalimu amewaleta kwa mustari. Sisi tunaona ingine. Tunasema ile nyumba ni ya familia ya mutumishi wa mine kupita ya mutu mwingine yeyote, na tutaeleza sababu.

Baba anaondoka kungali giza, anarudi na vumbi ku nguo. Mutoto anajua basi ya kampuni, anajua kaske na bote, anajua siku ya mushahara. Kazi yenyewe hajaiona hata siku moja. Ku mulango kuko walinzi, na ni vizuri vile: kariere si fasi ya mutoto. Lakini angalia tofauti. Mutoto wa mulimaji anaona shamba. Mutoto wa seremala anaona mbao. Mutoto wa mama muuzaji anaona meza ya mama yake ku soko, anajua hata kuhesabia wateja. Mutoto wa mutumishi wa mine anakomaa pembeni ya kazi yenye inamulisha, na anaijua paka ku bei: leo mukuba umepanda, leo kobalti imeshuka. Mutoto mwenye anajua mukuba ku bei tu, siku moja rafiki atamwambia "twende ku shimo, kule kuko pesa", na yeye atakuwa na nini ya kujibu?

Ku muze baba anaweza kusimama mbele ya jiwe na kusema: "Hili njo tunachimba." Hakuna vumbi, hakuna mashine, hakuna hatari. Na mutoto anasikia kwamba kazi hii ilianza zamani sana, mbele ya kampuni yoyote, na kwamba waliyoianza walikuwa bankambo yetu.

Nyumba yenyewe

Muze ilianzishwa mu mwaka 1946, wakati muji wetu uliitwa Élisabethville. Mwanzilishi alikuwa Mubelgiji, jina Francis Cabu, mwenye alipenda kukusanya mawe yenye watu wa zamani walichonga kuwa vyombo. Mu 1970 serkali iliunda Institut des Musées nationaux, na nyumba yetu ikaingia mu familia ile. Iko katikati ya muji, karibu na batima ya Assemblée provinciale, yenye bazee wangali wanaiita teyatre.

Ndani muko vitu vya aina tatu: vitu vyenye vilitoka chini ya udongo, vitu vya makabila ya Katanga na ya inchi, na tableau za wachoraji. Vijana wengine wanatamka "musée" kama "muzee". Hawakosee sana. Ni nyumba ya bazee kweli.

Ukifika na watoto, usitafute kuona vyote. Mutoto wa miaka 8 akishaona vitu 20, miguu inamuuma na kichwa kimejaa. Chagua vitu vine, muvione vizuri, muzungumuze, kiisha mutoke. Sisi tunapendekeza hivi.

Cha kwanza: musalaba wa mukuba

Anza hapo. Ni kipande cha mukuba chenye mikono mine, kama herufi X. Uliza watoto: "Nani alikitengeneza?" Wengi watajibu: Union Minière, ao Gécamines, ao wamisionere juu ni musalaba. Hapana. Ile misalaba ilitengenezwa mu Katanga miaka mamia mingi mbele Wazungu hawajafika, na haikuwa ya dini. Ilikuwa mali na makuta. Mutu aliweza kuitumia ku biashara, ao ku mambo ya ndoa.

Sasa njo zamu ya baba kueleza. Bazee wa zamani walikuwa wakingojea wakati wa jua, kiisha mavuno, wakati watu hawana kazi ya shamba. Bamama na watoto waliokota malakite, lile jiwe la rangi ya majani, pale juu ya udongo. Wanaume walichimba mu mashimo kwa vyuma. Walichoma makala. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Walipuliza moto kwa mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya nyama yenye mutu anafungua na kufunga kwa mikono. Mukuba ukiyeyuka, waliumwanga mu umbo lenye walikuwa wametayarisha, ukakauka kuwa musalaba. Wafundi wakubwa wa kazi hii walikuwa na siri zao na dawa zao, na si kila mutu alikubaliwa kati yao. Mu 1926 Monseigneur Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao na akawaita "walaji wa mukuba", sababu walikuwa wanapata chakula chao mu mukuba. Mutumishi wa leo, jina hilo ni lako pia.

Kiisha eleza ya leo. Ku mausine mengi hatuyeyushe tena kwa makala. Jiwe linasagwa, linawekwa mu asidi, mukuba unaingia mu maji, na nguvu ya umeme inauvuta mupaka unashikamana ku sahani kubwa yenye tunaita katode. Kama baba anafanya ku konkaseri, aseme. Kama anaendesha kamiyo, aseme anatoa jiwe wapi na kulipeleka wapi. Kama mama njo mwenye kazi ku usine ao ku laboratware, aseme yeye. Mutoto atashangaa kwamba wazazi wake wanajua vitu vyenye havikuandikwa ku ukuta wa muze.

Kwa vijana wakubwa muongeze mambo mawili. Wakati jioloji Jules Cornet alipita huku mu 1892, aliona mashimo ya zamani yenye watu wetu walikuwa wamechimba. Wachunguzi wenye walikuja kiisha yeye walifuata mashimo ya namna ile. Kwa hivi, wakati mutu anasema kampuni "ilivumbua" mukuba wa Katanga, kijana anaweza kujibu. Union Minière iliundwa mu 1906, na mukuba wa kwanza wa usine ya Lubumbashi ulitoka mu 1911. Misalaba ilikuwa imezeeka tayari.

La pili: mu 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, walitengeneza makuta ya franka 1 na ya franka 5 yenye sura ya musalaba huu, na bendera yao ilikuwa na misalaba mitatu. Pengine nkambo angali na kimoja mu sanduku. Muulize.

Cha pili: vyungu vya Sanga

Sanga ni fasi pembeni ya ziwa Kisale, kule Lualaba inapita mu maziwa ya Upemba. Mu 1957 na 1958, na tena mu 1974 pamoja na Pierre de Maret, wataalamu walifungua pale makaburi zaidi ya 100. Mengi yana miaka karibu 1.000. Ndani walikuta vyungu vizuri sana, mikufu, vyombo vya chuma na vya mukuba, na hata simbi za bahari. Fikiri safari ya simbi ile, kutoka bahari ya Hindi mupaka Kisale, ikipita mukono kwa mukono.

Mu makaburi ya wakati ule hakukuwa misalaba mingi. Ilikuja kiisha. Ya kwanza ilikuwa mikubwa kidogo, ililazwa juu ya kifua cha marehemu. Kiisha miaka mingi ikawa midogo, mingi, yenye kulingana, na iliwekwa karibu na mikono. Hapo wataalamu walielewa: mukuba ulitoka kuwa mali ya heshima, ukawa makuta ya kuhesabu.

Lakini kuko jambo ingine lenye tunaomba wazazi wasipite haraka. Mu makaburi ya watoto, vyungu ni vidogo. Kadiri mutoto alivyokuwa mudogo, vyungu vilikuwa vidogo. Havikuwa vyungu vya nyumbani vyenye vilichukuliwa bure bure. Mama mumoja, ao fundi mumoja, alikaa chini akafinyanga chungu cha kadiri ya mutoto, juu mutoto akawe na chake.

Bamama wenye wamezika mutoto hawana lazima ya maelezo hapo. Na sisi wote tunaweza kujiuliza kitu. Watu wale hawakuwa na masomo wala hospitali, lakini walimuhesabia mutoto kuwa mutu mwenye kupimiwa kitu chake. Leo, pembeni ya mito yetu, kungali watoto wa miaka 10 wenye kuosha majiwe ya kobalti na kubeba mifuko ya kadiri ya mutu mukubwa. Hatulete neno hili ili kuharibu matembezi yenu. Tunalileta sababu, mbele ya kile chungu kidogo, ni rahisi kumwambia kijana: "Kitu cha kadiri yako ni kalamu. Mufuko ule si wa kadiri yako." Ku nyumba, wakati pesa imekosa, maneno hayo ni magumu kusema. Ku muze yanatoka vizuri.

Cha tatu: vitu vya bankambo

Hapa njo bamama na mabinti wanacheka. Mutaona vitu vya Baluba, Bahemba, Balunda, Batchokwe na wengine. Tafuta viti vidogo vya kuwekea kichwa. Bankambo walilala navyo ili nywele zisiharibike, sababu kusuka kulichukua masaa mengi. Ku Baluba Shankadi, mafundi walichonga vile viti na sura ya watu wenye nywele za kushuka kama ngazi. Binti mwenye analala na kitambaa ku kichwa juu ya mesh yake ataelewa mara moja: shida ni ile ile, chombo njo kimebadilika.

Familia zetu za mine ni za mchanganyiko. Mu nyumba moja ya cité unakuta baba Mukalwena, mama Muluba, jirani Mubemba, na watoto wanasema Kiswahili tu. Wengine wana wakubwa wenye walitoka Kasai, ao Rwanda, ao Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule, sababu Union Minière ilitafuta watumishi mbali. Na mbele yao Bayeke walitoka Unyamwezi, inchi yenye leo ni Tanzania, wakifuata biashara ya mukuba, mupaka Msiri akajenga utawala ku Bunkeya. Mukuba njo ulituleta pamoja. Kwa hivi, mukiwa mbele ya vitu vya makabila, tafuteni cha upande wa baba na cha upande wa mama. Kisiwe cha kushindana. Kiwe cha mutoto kujua anatoka pande mbili.

Semeni pia juu ya lukasa ya Baluba. Ni ubao mudogo wa kushika mu mukono, wenye shanga na alama. Watu wa chama cha Bambudye walipitisha kidole juu yake na kueleza habari za wafalme, safari na mipaka. Hawakuwa na vitabu, lakini hawakuachia kumbukumbu ipotee.

Cha ine: tableau

Mu ule mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua mu muji wetu kazi ya wachoraji yenye iliitwa Hangar. Kule alitoka Pilipili Mulongoy na ndege zake na samaki zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo midogo, na Bela mwenye alichora kwa vidole, bila burashi. Uliza wenye kazi ku muze kama kazi zao zinaonyeshwa siku ile. Habari ya Bela inafurahisha watoto kupita yote. Mukirudi nyumbani, wape karatasi na rangi kidogo, muone.

Kiisha eleza juu ya tableau zenye bazee waliita "ukumbusho". Mu miaka ya 1970 familia nyingi za watumishi walikuwa na moja ku ukuta wa saloni: Mamba muntu, ao Koloni ya Ubelgiji na fimbo yake. Muchoraji mumoja wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia yote ya inchi mu tableau karibu 100, na mu 1973 na 1974 aliieleza kwa Kiswahili chetu kwa mwalimu Johannes Fabian. Zile tableau leo ziko Amsterdam. Mutoto wa Lubumbashi mwenye anataka kuziona anapashwa kupanda ndege.

Kwa wale wa Likasi na Kolwezi

Familia za Likasi ziko kilometa karibu 120 na Lubumbashi, za Kolwezi karibu 300. Hiyo ni safari ya likizo, si ya siku moja. Lakini Likasi ina historia yake. Ile wakati ingali Jadotville, Union Minière ilikusanya kule majiwe ya Katanga mu muze yenye iliitwa Sengier-Cousin. Mbele ya kupeleka watoto, ulizeni kwanza ku Gécamines kama mulango uko wazi.

Hata bila muze, kuko muchezo wenye baba anaweza kufanya ku meza. Dunia nzima inatumia majina yenye yalitoka huku. Kornetite, jiwe la bluu, ilijulikana kwanza ku mine ya Étoile pembeni ya Lubumbashi, na ilipata jina la Jules Cornet. Sengierite ilitoka Luiswishi. Na kolwezite ina jina la Kolwezi mwenyewe. Mutoto wa Kolwezi mwenye anafikiri muji wake haujulikane, mwambie: ku vitabu vya jioloji vya dunia yote, jina la muji wako limeandikwa.

Muze ya mu nyumba yako

Hapa tunafikia neno lenye lilitusukuma kuandika. Mu 2003 watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka mu kazi mu ile operesheni ya kuondoka kwa mapenzi. Wengi wamekufa, wengine wamezeeka. Kaske zao, taa zao, karte zao za kazi, sahani za email, picha za mbele ya nyumba ya cité, vyote vinaisha. Watoto wanauza chuma ku mitraye kwa kilo. Hata misalaba ya mukuba, ikionekana mu shamba ao mu shimo la bakrezere, inaingia ku mizani kama mukuba mwingine. Kitu cha miaka 500, kwa bei ya kilo moja, na jioni pesa imekwisha.

Kuanzia mwaka 2000, walimu wa Université de Lubumbashi, kati yao Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki, walianzisha kazi ya Mémoires de Lubumbashi. Waliwaalika watu wa muji walete vitu vya maisha ya kila siku na habari zake, na muze ikavionyesha. Watu waliona vitu vya nyumbani kwao mu nyumba ya serkali. Hiyo inatuonyesha kwamba si vitu vya wafalme tu vyenye vinastahili kulindwa. Kaske ya mutumishi ni historia, hata kama imepasuka.

Mbele ya kuondoka nyumbani

Uliza masaa na bei ku mulango siku mbele, sababu vinabadilika, na usisahau kuuliza bei ya watoto. Uliza pia kama picha zinaruhusiwa. Fika asubui, wakati watoto hawajachoka. Waeleze kwamba hatuguse: jasho la mikono linaharibu mbao na chuma. Omba mwenye kueleza, lakini usimwachie kazi yote. Baba na mama wasaidie. Kama nkambo angali na nguvu, mumubebe, yeye njo atasema mengi. Saa moja na nusu inatosha. Kiisha muende kula, michopo ao vitumbula na munkoyo, kadiri ya mufuko, na hapo kila mutoto aseme kitu chenye alipenda na sababu.

Mukirudi, fungueni lile sanduku la chini ya kitanda. Toeni kaske ya nkambo, ao karte yake, ao ile sahani. Mutoto mwenye anajua kuandika achukue karatasi, aandike jina la mwenyewe, kazi yenye alifanya, fasi na miaka, na karatasi iwekwe pamoja na kitu. Hiyo haiombe franka hata moja. Na ikiwa mutu wa mitraye anapita mu avenue kesho yake, mutoto mwenyewe atamujibu.